Ufahamu wa Kiingereza: Jinsi mwanafunzi wa Kwale anavyoweza kujizoeza kusoma kwa kuelewa

KUSOMA ni jambo moja, kuelewa ni jingine. Kauli hii si ngeni kwa wazazi wa Diani, Ukunda, Msambweni na Lungalunga. Wengi wao wamewasikia watoto wao wakisoma ukurasa mzima wa Kiingereza kwa sauti na kwa matamshi mazuri, kisha wakashindwa kueleza ukurasa huo ulisema nini.

Kwa mwanafunzi wa shule ya upili katika Kaunti ya Kwale, upungufu huu una gharama kubwa. Mbali na Kiswahili na lugha nyingine zinazosomwa kama masomo, karibu kila somo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtahiniwa anayejua barabara mzunguko wa damu mwilini au visababishi vya mmomonyoko wa udongo anaweza kupoteza alama kwa sababu tu hakulielewa swali.

Gharama hiyo haiishii katika chumba cha mtihani. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) kina tawi Msambweni, na vitabu vinavyosomwa humo ni vya Kiingereza. Hoteli za Diani huajiri watu wanaoweza kusoma barua ya mgeni na kuijibu. Uchimbaji wa madini ya titani katika maeneo ya Maumba na Nguluku ulikoma Desemba 2024, na tangu hapo vijana wengi wa kusini mwa pwani wamelazimika kutafuta riziki kwingine, mara nyingi kwa kujaza fomu na kusoma mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Makala haya yanaeleza jinsi zoezi la ufahamu wa Kiingereza lilivyo, mahali ambapo wanafunzi wa eneo hili hujikwaa, na njia za kujizoeza ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Mtihani wenyewe ulivyo

Katika Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE), Kiingereza kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60, ya pili 80 na ya tatu 60.

Ufahamu uko katika karatasi ya pili, inayofanywa kwa muda wa saa mbili na nusu. Kifungu cha ufahamu kina alama 20. Dondoo kutoka kitabu teule lina alama 25, shairi au kipera cha fasihi simulizi alama 20, na sarufi alama 15.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba ufahamu ni zile alama 20 pekee. Dhana hiyo si sahihi. Dondoo na shairi pia ni maandishi ambayo mtahiniwa hupewa, akayasoma na kuyajibia maswali. Ukijumlisha sehemu hizo tatu utapata alama 65 kati ya 80 za karatasi hiyo, yaani karibu thuluthi moja ya mtihani mzima wa Kiingereza.

Muda nao unafaa kupimwa. Dakika 150 zikigawanywa kwa alama 80, kila alama inapata chini kidogo ya dakika mbili. Kifungu cha ufahamu hakipaswi basi kuchukua zaidi ya dakika 37 au 38, kusoma na kuandika majibu kukiwemo. Anayekisoma mara tano kabla ya kuandika neno moja anaiba wakati wa shairi.

Lugha tatu kabla ya Kiingereza

Mtoto wa Kwale hafiki shuleni mikono mitupu. Nyumbani husema Kidigo au Kiduruma, na wengine Kikamba au lugha nyingine za waliohamia huko. Kiswahili hukisikia sokoni, katika matatu na kwenye redio. Watoto wa Kiislamu huanza chuoni wakiwa wadogo, wakajifunza herufi za Kiarabu na kusoma Kurani.

Mafunzo ya chuo yana faida ambayo walimu wa shule wanaweza kuitumia. Mtoto aliyepitia huko anajua kwamba inawezekana mtu asome maandishi bila kosa na bado amhitaji mwalimu ampe tafsiri. Kwake, kusoma na kufahamu ni hatua mbili zinazotofautiana, na kila moja ina kazi yake. Mwalimu wa Kiingereza akianzia hapo, hatalazimika kueleza sana kwa nini ufasaha wa sauti pekee hautoshi.

Kiswahili nacho ni daraja. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE ina ufahamu wenye alama 15 na ufupisho wenye alama 15. Mwanafunzi anayeweza kutafuta hoja kuu ya aya, kutenganisha maoni na ukweli, na kufupisha kifungu kwa Kiswahili tayari anao ujuzi unaotakikana. Anachokosa ni msamiati na miundo ya sentensi za Kiingereza. Ni makosa, basi, kumwambia mwanafunzi kama huyo kwamba hajui kusoma.

Mahali wanafunzi wanapojikwaa

Kikwazo cha kwanza ni viwakilishi. Katika lugha za Kibantu, upatanisho wa kisarufi humwonyesha msomaji njia. Mtu akisema kitabu kilikuwa ndani ya mashua lakini "kilikuwa kimeharibiwa na maji", kila mtu anajua kwamba kilichoharibika ni kitabu. Akisema "ilikuwa imeharibiwa", basi ni mashua. Kiingereza hutumia neno moja, "it", kwa vyote viwili. Msomaji hana budi kurudi nyuma na kupima maana. Mwanafunzi aliyezoea kuongozwa na ngeli hupotea hapa bila kujua kwamba amepotea.

Kikwazo cha pili ni maneno madogo. "Few" na "a few" yote hutafsiriwa "wachache" au "vichache", lakini la kwanza linasisitiza uhaba na la pili linasema angalau wapo. Mwandishi akisema "few parents came", analalamika. Akisema "a few parents came", huenda anashukuru. Herufi moja inabadili msimamo wa mwandishi, na msimamo wa mwandishi ni swali linalopendwa na watahini.

Kikwazo cha tatu ni masharti yaliyofichwa. Sentensi kama "Had the rain come early, the farmers would have planted" huwachanganya wengi, wakadhani mvua ilikuja na wakulima wakapanda. Ukweli ni kinyume. Mwanafunzi wa Kinango, anayeujua ukame vizuri, angeielewa mara moja kama ingeandikwa kwa Kiswahili: mvua ingalikuja mapema, wakulima wangalipanda. Kiambishi "-ngali-" humwambia kwamba jambo halikutendeka. Katika Kiingereza dalili hiyo ni kule kuanza sentensi kwa "had".

Kikwazo cha nne ni vitenzi vinavyofuatwa na vijineno. "Turn" ni kugeuka na "down" ni chini, lakini "turn down" ni kukataa. "Put up with" ni kuvumilia. Maana ya vitenzi hivi haipatikani kwa kutafsiri kila neno pekee.

Kikwazo cha tano ni maneno ya mkopo yaliyobadilika njiani. Katika miji mingi ya Kenya, hoteli ni mahali pa kula chai na mandazi. Katika Kiingereza, "hotel" ni mahali pa kulala wageni. Mwanafunzi wa Ukunda anazijua zote mbili, ila asipokuwa makini huenda akaiweka moja mahali pa nyingine.

Maswali ya aina sita

Maswali ya ufahamu huonekana mengi, lakini karibu yote huangukia katika makundi machache. Chukua mfano huu mfupi kuhusu msitu wa kaya, kama zile za Wamijikenda zilizotambuliwa na UNESCO kuwa urathi wa dunia mwaka 2008, Kaya Kinondo ya Diani ikiwa miongoni mwao:

"Although the elders had never forbidden visitors from entering the forest, few strangers ventured beyond the first trees. It was not fear that held them back. The silence itself seemed to ask for permission."

Swali la kwanza huwa la ukweli ulio wazi. Je, wazee waliwakataza wageni kuingia? Jibu ni la. Anayesoma kwa pupa huliona neno "forbidden", akaliruka "never", na kuandika kwamba wazee walikataza.

La pili ni la marejeleo. Neno "them" linawataja nani? Ni wageni. Wazee pia wametajwa, na miti pia ni wingi, hivyo jibu linahitaji kufikiriwa.

La tatu ni la msamiati. "Ventured" lina maana gani kama lilivyotumika? Jibu zuri ni "dared to go". Zingatia kwamba neno lililoulizwa ni kitenzi cha wakati uliopita, na jibu linapaswa kuwa hivyohivyo. Anayeandika "brave" ameelewa, lakini ametoa kivumishi badala ya kitenzi, na anaweza kuikosa alama.

La nne ni la kudokezwa. Kwa nini wageni hawakuingia ndani? Kifungu hakikusema moja kwa moja. Kimesema haikuwa hofu, kisha kikasema kimya kilionekana kama kinaomba ruhusa iombwe. Msomaji anahitimisha kwamba ilikuwa heshima.

La tano ni la msimamo wa mwandishi au mbinu za lugha. Mwandishi anauonaje msitu? Anaustahi. Ushahidi ni kule kukipa kimya uwezo wa binadamu, mbinu ambayo wanafunzi wa Kiswahili huiita tashihisi. Jibu la msimamo bila ushahidi huwa nusu ya jibu.

La sita ni la muhtasari au la kuandika kwa vidokezo. Hapa maagizo ni muhimu kuliko maarifa. Swali likitaka vidokezo, sentensi kamili humponza mtahiniwa. Likitaka maneno yasiyozidi 40, la arubaini na moja ni hasara.

Funzo kutoka China

Wanafunzi wa Kwale hawako peke yao katika safari hii. Nchini China, mamilioni ya vijana hufanya mtihani wa kuingia vyuo vikuu, gaokao, kila Juni. Kiingereza huwa na alama 150, na katika muundo wa kitaifa sehemu ya kusoma ina alama 50.

Vijana hao wana mlima mrefu zaidi kwa upande mmoja. Kichina hakiandikwi kwa alfabeti, ilhali Kidigo, Kiduruma na Kiswahili huandikwa kwa herufi zilezile za Kiingereza. Vitenzi vya Kichina havibadiliki kulingana na wakati. Hata hivyo, kuna mfanano. Katika Kichina cha kuzungumzwa, neno moja, "ta", humtaja mwanamume na mwanamke, kama vile "yeye" ya Kiswahili. Mwanafunzi wa Beijing na wa Msambweni wote hulazimika kujizoeza kufuata "he" na "she" katika hadithi yenye wahusika wengi.

Sehemu ya kusoma ya gaokao ina vifungu vinne vyenye maswali 15 ya kuchagua jibu. Kifungu cha tano huondolewa sentensi tano, na mtahiniwa hupewa sentensi saba achague zinazofaa kurudishwa mahali pake. Zoezi hilo la mwisho hufunza jambo ambalo walimu wengi huona gumu kulifundisha: jinsi sentensi moja inavyoshikana na nyingine kupitia maneno kama "however", "therefore" na "such".

Mwalimu wa Kwale anaweza kuliandaa bila gharama. Anahitaji gazeti kuukuu la Kiingereza na mkasi. Anakata sentensi tano kutoka makala, anaongeza mbili zisizohusika, kisha anawaachia wanafunzi wapange na kutetea uamuzi wao. Mabishano yanayozuka ndiyo mafunzo yenyewe.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Maswali ya kuchagua jibu hayamwandai mtahiniwa wa KCSE kikamilifu, kwani yeye huandika majibu kwa maneno yake. Zoezi la China ni nyongeza tu.

Ratiba inayowezekana

Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayerudi nyumbani jioni, akateka maji na kusaidia kazi, hana saa tatu za kusoma Kiingereza. Anaweza kupata dakika 20. Zikitumiwa vizuri kila siku, zinazidi saa mbili kwa wiki.

Hatua ya kwanza ni kuchagua maandishi yanayolingana na uwezo wake. Msomi wa New Zealand, Paul Nation, katika utafiti uliochapishwa 2006, alitumia kipimo kwamba msomaji huhitaji kujua takribani maneno 98 kati ya kila 100 ili aelewe maandishi bila msaada. Kipimo chepesi ni kuhesabu maneno 100 ya ukurasa. Maneno mageni yakizidi matano, kitabu hicho ni kigumu mno kwa zoezi la peke yake, na ni bora kutafuta chepesi zaidi. Hakuna aibu kwa mwanafunzi wa kidato cha pili kusoma hadithi za shule ya msingi. Aibu ni kubeba kitabu kinene asichokielewa.

Siku nne za wiki zitumiwe kusoma tu, bila maswali. Habari za michezo, hadithi fupi au kitabu teule vinafaa. Kila baada ya aya mbili tatu, msomaji afunge kitabu na kujiambia, kwa lugha yoyote, alichosoma. Akishindwa, arudie.

Siku ya tano afanye kifungu kimoja cha mtihani uliopita kwa saa. Asome maswali kwanza, kisha kifungu chote mara moja, kisha ajibu huku akipigia mstari sentensi iliyompa kila jibu. Jibu lisilo na mstari ni la kubahatisha.

Siku ya sita asahihishe na kuandika kwa nini alikosa: je, hakujua neno, hakuelewa sentensi, au hakufuata agizo? Baada ya wiki sita, daftari hilo litamwonyesha udhaifu wake waziwazi kuliko ripoti ya muhula.

Maneno mapya yaandikwe pamoja na sentensi yalimotoka, si pamoja na tafsiri pekee. Matano kwa siku yanatosha. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mzazi asiyejua Kiingereza

Wapo wazazi wanaodhani hawana mchango kwa kuwa wao wenyewe hawakusoma. Hilo si kweli. Mzazi anaweza kumwambia mtoto asome aya kwa Kiingereza, kisha amsimulie kwa Kidigo, Kiduruma au Kiswahili. Mtoto aliyeelewa atasimulia kwa mtiririko. Asiyeelewa atasitasita au atarukaruka, na mzazi atatambua bila kujua neno moja la Kiingereza.

Mzazi anaweza pia kuuliza maswali matatu ya kawaida: nani alifanya nini, kwa nini, na wewe umejuaje? Swali la tatu ndilo zito zaidi. Linamlazimisha mtoto arudi kwenye maandishi na kutafuta ushahidi.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu. Chini ya Katiba ya 2010, maktaba ni miongoni mwa majukumu yaliyokabidhiwa kaunti. Kijiji kisicho na vitabu hakiwezi kulaumu watoto kwa kutosoma, na karo inayolipwa kwa msaada wa umma hupungukiwa na faida ikiwa mwanafunzi anafika shuleni asipate cha kusoma zaidi ya kitabu cha kiada.

Mtaala unapobadilika

Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2015 ni miongoni mwa waliopokea kwanza vitabu vya mpango wa Tusome, uliolenga kuimarisha usomaji wa Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini. Kundi hilo, kwa wasiorudia darasa, ndilo la KCSE ya 2026. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza 2024 na mtihani wake ni wa 2027.

Nyuma yao wapo wanafunzi wa mtaala wa umilisi, walioingia gredi ya 10 Januari 2026. Muundo wa mitihani yao ni tofauti, lakini Kiingereza kinasalia somo la lazima kwao, na vitabu vya sayansi, biashara na utalii watakavyosoma vimeandikwa kwa lugha hiyo.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Kwale aliye darasani sasa, awe wa mfumo wa zamani au mpya, ana kazi ileile ya kila siku: dakika 20, maandishi anayoyamudu, na swali la "umejuaje" baada ya kila jibu. Shule zinazotaka kuanza hazihitaji kusubiri waraka kutoka Nairobi. Gazeti la jana, mkasi na daftari la makosa vinatosha kwa wiki ya kwanza.